Tahadhari Niliyokataa Kuiandika

Tahadhari kwanza: humu ndani kuna mjinga mmoja, na ndiye anayewasimulia. Mwenye moyo mwepesi apite zake.

Mwaka jana nilimkamata muuaji mara kumi na moja. Nilikamata watu sita tofauti, wengine niliwarudia, na wote walikuwa hawahusiki.

Kabla hamjaniuliza mimi ni polisi wa wapi, tulieni. Lilikuwa gemu.

Kazi yangu ni kujaribu magemu ya kompyuta kabla hayajauzwa. Ndiyo, nalipwa kucheza. Mama akiulizwa na majirani mwanao anafanya kazi gani, anasema "yuko kwenye kompyuta", halafu anawauliza habari za watoto wao.

Ofisi yetu ni vyumba viwili juu ya duka la magodoro. Tuko wanne. Kuna Bosi, anayekaa chumba cha ndani na kugombana na simu. Kuna Mchoraji, anayevaa hedifoni hata kama hazijachomekwa popote. Kuna mimi. Na kuna Dada.

Huyu ni dada yangu kweli, tumbo moja, ananizidi miaka minane. Ndiye mwandishi wa hadithi, ndiye aliyeniombea kazi pale, na ndiye aliyenibandika jina la Mjuaji tangu niko shule ya msingi. Ofisi nzima sasa inaniita hivyo.

Gemu lenyewe alilihangaikia miaka mitatu.

Ni hivi. Kuna nyumba ya kupanga ya ghorofa tatu. Mwenye nyumba, mzee mmoja mpole, anakutwa amekufa uani asubuhi. Juu ya paa, kando ya tangi la maji, vimebaki viatu vyake. Wapangaji sita, kila mmoja alikuwa na kinyongo naye. Wewe ni mpelelezi. Unahoji wapangaji, mke wa mzee na binti yake, unafungua makabati, mwishoni zinakuja picha sita uchague muuaji.

Chini ya zile picha kuna kitufe cha saba, kimeandikwa HAKUNA.

Hicho sikuwahi kukibonyeza. Niliona ni cha wavivu waliochoka kufikiri.

Sasa duka la mtandaoni litakaloliuza likataka orodha ya tahadhari. Yaani mambo ya kuumiza yaliyomo yaandikwe mwanzoni kabisa, mchezaji ayasome kabla hajaanza. Bila orodha hawalipokei. Bosi akanitupia mimi.

Nilicheka mpaka Mchoraji akavua hedifoni kuuliza kuna nini.

"Tahadhari ya nini jamani? Mtu kanunua gemu la mauaji, akikuta mauaji alie?"

"Andika tu," Dada akasema.

"Watu wa siku hizi bwana! Kesho tutaandika juu ya jiwe: tahadhari, ni gumu."

Nikakaa nikaandika. Orodha yangu ya kwanza ilikuwa na mstari mmoja: "Tahadhari: humu kuna maiti mmoja, hana shida na mtu." Nikampelekea Dada nikijua atavunjika mbavu.

Hakucheka.

"Mjuaji, hili gemu umelimaliza mara ngapi?"

"Kumi na moja."

"Na mara zote kumi na moja hujaona kitu cha kumwonya mwenzio?"

"Nilichoona ni kosa. Muuaji hayumo! Kila ninayemkamata mnaniambia siye. Hadithi yako imekushinda, Dada, kubali tu."

 Nilidhani nimemkuna pabaya kwenye uandishi wake, nikafurahi kidogo, maana sisi ndugu ndivyo tulivyo.

"Sawa," akasema. "Waletwe wengine walicheze."

Wakaletwa watu tisa kutoka nje, wasiojuana. Walicheza kila mmoja kwa nafasi yake, wakapewa fomu yenye swali moja: ni jambo gani ungependa kuonywa mapema?

Fomu zikarudi mezani kwangu Alhamisi, saa za mchana. Nikaanza kuzisoma huku natafuna, nikijiandaa kucheka.

Fomu zote tisa zilisema jambo moja. Kujiua.

Mwalimu mmoja kaandika kwa mwandiko wa ubaoni: "Mzee amejitoa uhai na familia inaficha." Kinyozi kaandika kwa herufi kubwa: "MZEE ALIJIUA. KWA NINI HAMKUSEMA MAPEMA?" Muuguzi mmoja kaandika kwamba alipofika kwenye viatu alizima kompyuta, akatoka nje akakaa kwenye ngazi kwanza.

Muuguzi! Mtu anayeona wafu kila wiki, eti viatu vimemshinda.

Niliona nimezungukwa na mazuzu. Nikazikusanya zile fomu, nikaenda kuzibwaga mezani kwa Dada.

"Hawa umewaokota wapi? Hakuna aliyejiua humu. Kama muuaji hayumo, basi mzee aliteleza. Si mkewe anasema hivyo tangu mwanzo?"

Na hapa inabidi niwaeleze kitu.

Yule mke wa mzee, ukimhoji, anajibu hivi: "Alivua viatu asiteleze, akateleza."

Ile sentensi naijua inakotoka. Ni ya Mama.

Baba yetu alikuwa msimamizi wa jengo moja la ofisi. Mimi nikiwa na miaka sita, alipanda juu kukagua tangi la maji. Alivua viatu asiteleze, akateleza. Nimeambiwa hivyo maisha yangu yote, kwa maneno hayo hayo, hata mpangilio haubadiliki.

Kwa hiyo nilipoikuta kwenye gemu sikushtuka. Nilijua Dada kaichota nyumbani, waandishi hawana haya. Hata soksi zilizokunjwa ndani ya kiatu cha kulia, hata miwani iliyowekwa ndani ya kiatu cha kushoto, nikaona ni mapambo yake tu. Na nilijisikia vizuri, nisiwafiche. Duniani kote ni mimi peke yangu niliyejua kwamba vile viatu havina maana yoyote mbaya, ni vya mtu mwangalifu.

Dada akasukuma fomu zikarudi upande wangu.

"Liandike hilo neno."

"Siandiki uongo."

"Gemu linatakiwa Jumatatu. Bila orodha halitoki. Ni miaka yangu mitatu hiyo."

"Si uandike wewe? Mwandishi ni nani hapa?"

"Nataka uandike wewe."

"Kwa nini mimi?"

 Machozi yakaanza kumlengalenga.

"Haya, filamu imeanza," nikasema. "Mtu analilia orodha!"

Nikatoa simu. Nikamwambia namleta shahidi wangu, na shahidi ni mtu mzima.

"Usimpigie Mama," Dada akasema. Alisimama kabisa.

Nikapiga. Nikaweka spika, ili aibu iwe ya ofisi nzima.

Mama hushona sare za shule nyumbani. Simu anaiweka mezani na anaongea huku anashona, kwa hiyo ukimpigia unasikia cherehani kwanza, yeye baadaye.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba baba. Umekula?"

"Nimekula. Mama, hebu nisaidie, huku nina watu tisa vichwa vyao vibovu. Mtu akivua viatu akaviacha juu ya paa, si ni kwamba hataki kuteleza? Wenzio wanasema eti huyo kajiua."

Cherehani ikanyamaza.

Nikasubiri acheke. Nilishaanza kucheka mimi ili tucheke pamoja.

"Mama? Upo?"

"Nani kakwambia, baba?"

Nikaisogeza simu mdomoni. 

"Kaniambia nini?" nikauliza.

"Ni dada yako? Aliniapia. Aliniapia yule mtoto."

Dada akaichukua simu mkononi mwangu, akazima spika, akatoka nayo kwenye ngazi. Nilimsikia anasema, "Hapana Mama, sijamwambia. Mama, nisikilize, sijamwambia." Mchoraji alikuwa amevua hedifoni na anaangalia sakafu.

Nikageukia kompyuta. Sikujua nifanye nini na mikono yangu, nikafungua gemu. Mara ya kumi na mbili.

Zikaja picha sita. Nikabonyeza HAKUNA.

Magemu mengine ukipata jibu unapigiwa muziki. Hili halikupiga chochote. Alikuja tu yule binti wa mwenye nyumba, wa miaka kumi na minne. Nimemhoji mara kumi na moja, mara zote anajibu "sijui", na kwenye ripoti yangu niliandika mhusika huyu hana kazi aondolewe.

Safari hii akakaa kwenye ngazi akasema:

"Viatu baadaye nilivishusha mimi. Mama akasema tuseme aliteleza, watu wasitusimange, na mdogo wangu apate usingizi. Nikasema. Sasa mdogo wangu amekuwa mtu mzima, na bado nasema."

Baba alipokufa, Dada alikuwa na miaka kumi na minne.

Nililia. Tena kwa sauti, juu ya duka la magodoro, wateja chini wanabonyezabonyeza bidhaa. Mimi niliyemcheka muuguzi.

Dada aliporudi akavuta kiti akakaa mbele yangu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilijaribu. Ulipokuwa na miaka ishirini nilikwambia kuna jambo kuhusu Baba, ukasema nisikuletee maigizo. Nikajaribu tena kwenye harusi ya binamu, ukanigeuza kichekesho mbele ya meza nzima. Mara ya tatu sikufika hata katikati. Wewe huambiki, mdogo wangu. Mtu akitaka kukwambia kitu, umeshamcheka."

"Kwa hiyo ukaandika gemu zima?"

"Gemu unalicheza mwenyewe. Humkatizi mtu." Akafuta uso. "Nilidhani utagundua siku ya kwanza. Wewe ukaenda ukamkamata fundi seremala."

"Mara tatu," nikasema.

Tukacheka, Mungu atusamehe, huku tunalia.

Akaniambia ndiye aliyemwomba Bosi anipe mimi ile orodha. Kiapo kilikuwa cha mdomo wake. Kama neno lingetoka kwenye mkono wangu, yeye asingekuwa amelisema.

Jumamosi nikaenda nyumbani.

Mama alifungua mlango. Akaniachia nafasi nipite, akarudi kwenye cherehani, ila hakushona. Kitambaa cha sare kilikuwa chini ya sindano, nusu yake.

Kwenye kabati la vioo la sebuleni kuna miwani ya Baba. Tangu mtoto, kila Jumamosi, kuifuta ilikuwa kazi yangu. Nikaitoa kama kawaida. Nikaifuta. Halafu, sijui ilinijiaje, nikaivaa kwa mara ya kwanza.

Vioo vilikuwa vizito. Mama, aliye hatua tatu tu kutoka nilipo, akageuka ukungu. Baba alikuwa haoni bila ile miwani, na mimi sikuwahi kujua hilo.

Nikaivua. Haikuwa na mkwaruzo. Miaka ishirini na mitatu naifuta, naisifia haina mkwaruzo, wala sijajiuliza kwa nini.

"Mama," nikasema. "Mtu anapanda kukagua tangi, anavua miwani. Akague nini?"

Mama akaweka mikono juu ya mashine.

"Hilo swali nimelisubiri tangu uko darasa la tatu," akasema. "Kila ukiifuta nasema leo ataniuliza. Njoo ukae."

Aliyoniambia baada ya hapo ni yetu, siwapi. Nitasema tu kwamba Baba alikuwa anaumwa ndani kwa ndani kwa muda mrefu, na pale nyumbani hapakuwa na jina la ugonjwa ule.

Jumapili niliandika orodha. Jumatatu Dada akaisoma, akaongeza koma moja, akaituma. Gemu limetoka.

Najua mtajaa kwenye komenti. Najua mtakachoandika, maana nilikuwa naandika mimi: watu wamekuwa laini, mambo ya tahadhari ni ya watoto wa mayai. Andikeni. Mimi nilikuwa mgumu kuliko ninyi nyote, na ugumu wangu wote ulikuwa wa kutojua. Alinilindia usingizi msichana wa miaka kumi na minne, nikaamka mtu mzima nikimcheka.

Mnaotaka funzo, chukueni hili: anayedharau kila kitu haambiwi kitu. Watu wanakupenda, wanakuogopa mdomo, wanakuacha na sentensi moja uliyopewa ukiwa na miaka sita.

Na hii ndiyo tahadhari niliyoiandika. Ukifungua gemu utaikuta mwanzoni kabisa, kabla ya jina la mtu yeyote:

"Humu ndani kuna mzee aliyejitoa uhai, na familia iliyosema aliteleza. Kama na kwenu kuna mtu aliyeteleza, usicheze peke yako."