Mshale Uliolala Juani

Chekeni mkitaka, lakini nilikuwapo. Ilikuwa Buganguzi, enzi za Mwingereza, saa sita mchana, na sikuwa nimeonja hata tone la lubisi, pombe yetu ya ndizi.

Nilikuwa mpiga picha Bukoba mjini, tena mwenye majivuno. Wenzangu walikisia mwanga kwa macho. Mimi nilikuwa na kipimo cha kiganjani, chenye mshale unaopanda penye mwanga na kulala penye giza. Nilikitii kama amri, na picha zangu hazikuungua wala kufifia.

Mkulima mmoja, Rwegasira, aliniita nipige picha ya mpaka wa kibanja chake. Kaka yake, Kamugisha, alikuwa ameng'oa milamula, miti ya mpakani iliyopandwa na marehemu baba yao. Nani kwetu anathubutu kung'oa mulamula? Yeye alithubutu.

Kwenye mashimo ya miti hiyo alisimama mzee aliyevaa lubugo, vazi la magome tunalozikia wazee. Nikadhani ni shahidi. Nikamwelekezea kipimo, mshale ukalala. Nikaelekeza kwenye mgomba, ukapanda. Nikarudi kwake, ukalala tena. Mtu yuko juani, mwanga hana! Si ningekimbia? Mjinga mimi nikaamua kumwongezea muda, lenzi ibaki wazi ivute mwanga.

"Usitikisike, mzee," nikasema, nikakibonyeza kitufe cha kamera na kukishikilia.

"Usitikisike wewe," akajibu.

Kamugisha akaja mbio na muhoro, mundu wa kukatia migomba, akitukana, apasue kamera. Mzee akampokonya muhoro akaanza kumkata. Mkono. Bega. Shingo. Damu ilinirukia mdomoni. Nilitaka kuachia kitufe, kidole kikagoma.

"Tata, waitu, yatosha! Ni mwanao!" Rwegasira alimlilia baba yake. Kisha akanigeukia: "Funga hiyo kamera!"

Niaminini, sikuweza. Akanyakua mpini wa jembe akanipiga mkononi, mfupa ukavunjika, kitufe kikaachia. Mzee hakuwapo. Kamugisha alikuwa amekwisha kufa.

Polisi wakamkamata Rwegasira. Nilisafisha filamu ile kwa mkono mmoja, askari akinisubiri mlangoni, nikiomba Mungu mzee aonekane. Kwa muda ule wote juani, picha ingeungua kabisa. Ilitoka safi kuliko zote nilizowahi kupiga. Maiti, damu, Rwegasira na mpini juu. Mzee hamna.

Nilieleza mahakamani mpaka sauti ikakauka. Nani anisikilize, na picha iko mezani? Wakamnyonga.

Kamera nimeitupa ziwani, na dole gumba hili halijapinda tangu siku ile. Wewe unayepiga picha, kipimo kikikataa kumwona mtu, usimwongezee hata nukta moja. Funga, ondoka. Mama wa ndugu wale alizika mtoto mmoja. Maiti ya wa pili Serikali haikumrudishia, na mimi ndiye niliyempelekea habari.