Mkeka Unaoupa Mlango Mgongo

Saa moja na nusu asubuhi, sakafu ya ukumbi bado ina unyevu wa deki. Mwanamke aliyevaa aproni ya bluu na soksi nene anatandika mikeka ya mpira, mmoja mmoja, akiinyoosha kwa kiganja kama anayetandika kitanda cha mgeni.

Kila Jumanne na Alhamisi mpangilio ni ule ule. Mikeka kumi na tisa inakaa kwa umbo la mwezi mchanga, yote ikitazama mlango. Wa ishirini unakaa peke yake mbele, ukiupa mlango mgongo.

Amefika mkeka wa kumi na mbili mlango unaposukumwa kwa bega. Ni msimamizi wa jengo, kikombe cha chai mkono mmoja, karatasi mkono wa pili.

"Mama Ufunguo, siku yenyewe ndiyo hii," anasema. "Saa sita mchana napeleka orodha ofisini. Nikikosa jina la mwalimu, saa zenu wanapewa watu wa karate."

"Nimesikia, bosi."

"Umesikia tangu wiki iliyopita."

"Kazi zangu si unaziona? Muda wa kufundisha nitautoa wapi? Hebu inua mguu, unanikanyagia mkeka."

Msimamizi anainua mguu. Anaiweka karatasi dirishani, kalamu juu yake, kisha anaondoka akinyata kwenye maji. Mama Ufunguo anaendelea na kazi. Mkeka wa kumi na tatu anautandika chini juu, jambo ambalo halijawahi kumtokea.

Ana miaka hamsini na mitatu, na kumi na mmoja kati ya hiyo ameimaliza akisafisha jengo hili la jumuiya: ukumbi, ngazi, vyoo vinne na ofisi mbili. Jina la Mama Ufunguo amelipata kwa sababu ya kifungu cha funguo kinachomlia kiunoni. Watu humsikia kabla hawajamwona.

Aliingia nchi hii miaka kumi na minne iliyopita akiwa na mabinti wawili na begi lililokatika mkanda. Lugha ya hapa hakuijua hata ya kuombea maji.

"Dukani nilikuwa nanyoosha kidole kama mtoto," anakumbuka. "Nikitaka mayai, nanyoosha kidole. Nikitaka kichana, nanyoosha kidole. Siku moja nilitaka dawa ya minyoo. Hapo kidole kilinishinda."

Darasa la yoga na lugha lilianza ukumbini miaka sita iliyopita. Aliyelianzisha alikuwa mwalimu mwembamba mwenye sauti ya chini, aliyeona kwamba wanawake waliokimbia makwao walikuwa wakikaa kwenye masomo ya lugha na makoti yao mwilini na mikoba mapajani, kama watu wanaosubiri kuitwa. Maneno hayakuwaingia. Akaamua kuanza na mwili. Nusu saa ya kwanza wanajinyoosha na kupumua, na kila kiungo kinachosogea kinatajwa kwa lugha ya hapa: bega, goti, kisigino, kulia, kushoto. Baada ya hapo ndipo ubao unapovutwa, nao wanajifunza maneno ya kliniki, ya shuleni kwa watoto, ya kuuliza njia.

Mama Ufunguo aliingia darasani kwa mlango wa kazi. Alikuja na deki akidai kuna kona inataka kufutwa. Kona hiyo hiyo aliifuta wiki tatu, mpaka mwalimu akamtupia mkeka.

"Nilimwambia mimi ni wa usafi tu," anasema. "Akanijibu, basi lete huo mgongo nao tuusafishe."

Sheria ya darasa ilikuwa moja, na haikuandikwa popote: hakuna mwanafunzi anayeketishwa akiwa ameupa mlango mgongo. Mwalimu ndiye anayekaa hivyo. Hakuna aliyeuliza sababu. Wanawake wengi pale wana kumbukumbu ya mlango uliofunguliwa ghafla, na Mama Ufunguo anayo yake. Hataki kuisimulia, wala hakuna anayemlazimisha. Kwenye mabasi hukaa kiti cha nyuma kabisa. Kwake anakula akiwa ameuegemea ukuta.

Miezi mitatu iliyopita mwalimu aliitwa kwenda kumuuguza mama yake mbali, na baadaye akaandika kwamba harudi tena. Mwenye funguo akawa ndiye mwenye darasa. Kwa wiki tano Mama Ufunguo aliketi kwenye mkeka wa mbele, lakini kwanza alikuwa akiiweka ndoo yake ya bati nyuma ya mlango. Mtu akisukuma, ndoo italia. Wanafunzi waliiona wakanyamaza.

Somo lilikwenda vizuri. Idadi iliongezeka, wakaja wageni sita. Maneno aliyajua, mwendo aliujua, na sauti yake, wanasema wanafunzi, ilikuwa kama ya mama anayemwamsha mtoto bila kutaka aamke.

Jambo moja tu hakulijua. Mwalimu wa zamani aliposema "mkono wa kulia", yeye aliinua wa kushoto. Alikuwa amekaa akiwatazama wanafunzi, kwa hiyo alijigeuza kioo chao, na alifanya hivyo kwa wepisi kiasi kwamba kwa miaka yote sita hakuna aliyeng'amua. Mama Ufunguo aliposema "kulia", aliinua mkono wake wa kulia kwa moyo mweupe kabisa. Wale wa zamani hawakubabaika. Wageni sita walimfuata kwa macho, wakainua mkono wa upande ule ule waliouona, yaani kushoto kwao. Siku baada ya siku, kulia kwao kukawa kushoto.

Mmoja wa sita hao ni fundi cherehani wa miaka thelathini na minne. Wiki mbili zilizopita alikuwa na miadi ya mahojiano ya kuomba hifadhi, yale aliyoyasubiri mwaka na miezi minane. Akamuuliza mpita njia, akajibiwa kwa maneno aliyoyaelewa yote: ukifika duka la dawa, geuka kulia. Akafurahi, akageuka kwa kujiamini, akatembea mpaka majengo yakaisha.

"Nilifika kwenye ua wa magari mabovu," anasema fundi. "Nikasema, hii ofisi mbona ina matairi?"

Alifika alikotakiwa akiwa amechelewa dakika arobaini. Walimpangia tarehe nyingine, Jumatatu ijayo. Siku ya somo alilieleza darasa zima akicheka, na wenzake watano walipoambiwa wainue mkono wa kulia, ikainuka mitano ya kushoto. Ukumbi uliangua kicheko.

"Mshukuruni Mungu lilikuwa jengo!" alisema mwanafunzi mkongwe kuliko wote, ajuza wa miaka sabini na mmoja wanayemwita Bibi. "Lingekuwa jino, daktari angeng'oa zima!"

Mama Ufunguo hakucheka. Aliinuka, akachukua ndoo, akatoka. Tangu siku hiyo anafungua mlango, anatandika mikeka, kisha anakwenda kusugua ngazi ambazo tayari zinang'aa. Wanafunzi wanajinyoosha wenyewe kwa kubahatisha.

Msimamizi alimletea fomu, akamweleza kwamba atakayejiandikisha atasomeshwa ualimu kila Jumamosi kwa miezi sita na kupewa cheti. Akajibu hana muda. Alipobanwa, akasema magoti. Alipobanwa tena, akasema vyoo.

Binti yake mkubwa, anayesomea uuguzi, anacheka akisikia hayo. "Mama akianza kuzihesabu kazi zake, jua kuna kitu anakiogopa," anasema. "Kile cheti anakitaka. Usiku nimemsikia akitaja viungo vya mwili peke yake, kuanzia kisogo mpaka ukucha."

Saa tatu kamili wanafunzi wanaingia. Viatu vinapangwa ukutani, makoti yanatundikwa. Mama Ufunguo anashika ndoo.

"Unakwenda wapi, mama?" anauliza fundi cherehani.

"Ngazini."

"Ngazi utazichubua. Lete mkono kwanza."

Fundi anatoa mfukoni vipande vya kitambaa chekundu, vimepindwa kingo kwa mashine, kila kimoja na kifungo chake. Amevishona jana. Anapita mkeka kwa mkeka akiwafunga wenzake, kila mmoja kifundo cha mkono wa kulia. Anarudi kwa Mama Ufunguo.

"Wewe cha kushoto. Ukisema kulia, inua chekundu. Na sisi tutainua chekundu. Usinibishie, nimeshapotea kwa ajili ya somo hili."

"Mwanangu, nilikukosesha miadi yako."

"Ulinipa maneno ya kuulizia njia. Kabla yako nisingefika hata hapo kwenye matairi." Wenzake wanacheka. "Jumatatu nakwenda tena. Nataka niende nikiwa nimepumua. Peke yangu siwezi, nimejaribu, pumzi inaishia hapa." Anajigusa koo.

Mama Ufunguo anakifunga kifungo cha kitambaa kwenye mkono wake wa kushoto. Kisha anaiinua ndoo na kuipeleka nyuma ya mlango, kama zamani.

"Hiyo ndoo ya nini?" anauliza Bibi, ambaye hana desturi ya kumung'unya maneno.

"Mtu akiingia..."

"Akiingia tutamwona. Macho thelathini na nane yanautazama huo mlango, binti yangu. Langu moja lina mtoto wa jicho, basi tuseme thelathini na saba. Keti."

Mama Ufunguo anairudisha ndoo kwenye kabati la vifaa, anafunga kabati kwa ufunguo, na kuketi kwenye mkeka wa mbele. Mabega yake yako juu, karibu na masikio. Anavuta pumzi mara tatu kabla sauti haijatoka.

"Mkono wa kulia," anasema, na kuinua chekundu.

Vipande kumi na tisa vyekundu vinapanda upande mmoja.

Wanakwenda hivyo: bega, kiwiko, kiuno. Fundi anataja kila kiungo kwa sauti kubwa kupita wote. Bibi, akishindwa kukunja goti, anataja jina lake tu na kuhesabu kuwa amelikunja. Baadaye ubao unavutwa, wanafanya mazoezi ya kuuliza njia, na safari hii kila mmoja anageuka kwa mwili mzima, mkono mwekundu mbele.

Saa tano kasoro dakika chache wanafunzi wanamalizia kwa kulala chali, Mama Ufunguo akiwa ameketi mbele yao. Ukumbi umetulia kiasi kwamba saa ya ukutani inasikika. Mlango unafunguka taratibu. Wanafunzi walio macho wanamwona msimamizi, miwani imeteremka puani. Bibi anainua kidole kimoja kuonyesha ni salama.

Msimamizi anaichukua karatasi dirishani. Mahali pa jina ni peupe.

"Mama Ufunguo," ananong'ona nyuma yake. "Saa inakwenda. Niwaambieje?"

Mama Ufunguo hageuki. Mabega yake yako chini, mikono yake imetulia magotini.

"Kila siku nakwambia sina muda, bosi," anasema, si kwa kunong'ona. "Muda ninao. Nilikuwa naogopa. Nataka kuwafundisha hawa. Jina langu unalijua, liandike."