Nyuzi Nne kwa Mkono wa Kushoto

Mimi ni mwoga, wala sioni haya kusema. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, nami tangu utotoni nilichagua kicheko. Ndiyo maana mdogo wangu, dereva wa watalii anayeishi Bunda, aliponikabidhi lile boksi nilitaka kumrudishia palepale stendi. Ndani mlikuwa na vipande vya ukulele, gita dogo la nyuzi nne, la kujiundia mwenyewe. Aliachiwa na mgeni wake mmoja.

"Dada, wewe ndiye mwenye mikono. Mtengenezee mzee."

"Nikiharibu je?"

"Ukiharibu basi. Si unaona mwenyewe anavyokwenda?"

Nilikuwa naona. Baba yetu, kule Butiama, alipigwa na kiharusi, upande wote wa kulia ukapooza. Maisha yake yote alikuwa mpiga litungu, ile ala ya nyuzi nane iliyowambwa ngozi, aliyofundishwa na wajomba zake Tarime. Litungu linataka mikono miwili. Mwezi wa tatu wa ugonjwa akamwita jirani, akampa litungu lake, kisha akageukia ukutani. Uji alikunywa vijiko viwili tu akafunga mdomo. Mama alinipigia simu akaninong'oneza, "Baba yenu anatuaga."

Wazo la mdogo wangu lilikuwa jepesi. Nyuzi za litungu hazibanwi kwa vidole kama za gita. Kila uzi una sauti yake, unaudonoa tu. Nyuzi nne za ukulele zikikazwa kwa sauti nne za litungu la baba, mkono wa kushoto peke yake ungetosha.

Basi kila mchana, nikishauza dagaa sokoni Mwigobero, nilirudi nyumbani, mtaa wa Nyasho, nikasugua mikono kwa limau mpaka harufu ya samaki iishe, maana niliogopa gundi itakataa kushika. Niliogopa kila kitu. Shingo ya ukulele niliipiga msasa siku tatu, nikiipapasa kama mtu anayenyoa mtoto mchanga. Nilipoigundisha kwenye kasha niliizungushia vipande vya tyubu ya baiskeli, nikakaza, nikasikia mbao inalia, nikalegeza, nikaogopa imelegea mno, nikakaza tena. Mgongoni nilibandika kipande cha kandambili ili isiteleze kwenye paja la mtu asiyeweza kuishika. Mwisho nikaipaka vanishi yote, juu na chini, ikang'aa, halafu nikagundisha kile kibao kidogo kinachoshika nyuzi, nikazikaza zote nne.

Simu ikilia nilidondosha nilichoshika. Nilijua ni mama, nilijua atasema nini. Nilikuwa nashindana na mtu aliyekwisha kuamua, na silaha yangu ilikuwa gundi isiyokauka.

Jumamosi nikaipeleka Butiama. Baba aliitazama kama mtu anavyotazama dawa. Akaudonoa uzi mmoja kwa kidole gumba. Ulitoa sauti nzito, ya usingizi. Akaisukuma pembeni ya kitanda, akageukia ukuta wake.

Sikulia mbele yake. Nilibeba ndoo, mama akabeba nyingine, tukaenda kisimani.

Tuliporudi kitanda kilikuwa kitupu. Nilimwita mara mbili, nikazunguka nyumba mbio, nikamkuta uani, amekaa chini, ameegemea ukuta. Mbele yake, juu ya kigoda, katikati ya jua kali la saa saba, ukulele wangu.

Litungu huanikwa hivyo kabla ya kupigwa, jua liikaze ngozi, sauti iamke. Lakini ukulele hauna ngozi. Kile kibao kilikuwa kimebanduka, nyuzi zote nne zinaning'inia.

"Baba, umefanya nini! Hii ni mbao tupu!" Nilipiga kelele, mimi ambaye sijawahi kumpazia baba sauti.

"Ilikuwa imelala," alisema, maneno yakitokea upande mmoja wa mdomo. "Sisi tulikuwaga tunaanika."

"Ona sasa! Imekufa."

Alikiokota kibao kwa mkono wa kushoto, akakigeuza, akakichungulia kwa jicho moja. Kisha akakwaruza kwa ukucha pale kilipokuwa kimekaa. Vanishi ikatoka na gundi yangu yote.

"Nani alikufundisha kugundisha juu ya rangi? Gundi inatakaga mbao." Alikuwa na hasira, hasira ya kweli, ile ya zamani. "Leta kisu. Na mama yako alete uji. Ule wa asubuhi ulikuwa wa baridi."

Nilikimbia ndani nikilaani jua, vanishi na ujinga wangu. Nilikuwa nimeshakishika kisu nilipotazama sakafu. Kwenye vumbi, kutoka kitandani hadi mlangoni, kulikuwa na alama za mguu mmoja, na kando yake mfereji mrefu wa mguu unaoburutwa. Mahali pawili vumbi lilikuwa limetapanyika, pale alipoanguka.

Hakuna aliyembeba. Mimi na mama tulikuwa kisimani.