Kijiwe cha Shikamoo

Binti yangu amepewa jina la mama mkwe wangu, na tangu azaliwe bibi yake alimwita "wajina", hata kwenye simu. Mtoto alipofika umri wa kuamkia watu na asiamkie, uwajina ukakoma. Akawa "huyo mtoto wenu". Daktari alishatueleza kuwa ni usonji, lakini bibi akasema ni jeuri tu, tena kairithi kwa mama yake. Hilo la mwisho, jamani, sikatai.

Mwaka jana alikuja kutoka Misungwi kututembelea Buswelu. Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya kundi letu la ufukweni. Nikamwambia, "Mama, twende wote." Nilisema kwa upole, ila rohoni nilikuwa nimevimba. Nilitaka amwone mjukuu wake, basi.

Watoto kama wangu hukutana kwenye mawe makubwa ya ziwani na mwalimu mmoja wa kike, mdogo kwangu kabisa, ambaye mimi namvulia kofia. Majini hawaingii, kichocho kipo. Wanapanda mawe, wanachimba mchanga, wananyemelea pimbi wanaoota jua. Kuna mtoto mmoja hupiga mayowe upepo ukimpiga masikioni. Mwalimu humhamishia upande wa pili wa jiwe, anakaa naye pale, mayowe yanaisha. Mimi ningekuwa nimeshafoka zamani.

Lakini kinachonimaliza ni salamu za mwalimu huyo. Hamlazimishi mtoto kufungua mdomo. Kila anayefika huokota kijiwe, akakiweka juu ya jiwe bapa, naye mwalimu huitikia kwa sauti, "Marahaba!" Binti yangu, ambaye nyumbani wageni wakija hujificha uvunguni, siku ile alikimbia moja kwa moja, akaweka chake, akasimama kungoja.

"Marahaba, mwanangu!"

Akarukaruka, mikono ikipepea kwa furaha.

Bibi alikaa juu ya kanga yake akitazama asubuhi nzima. "Sasa hayo mawe ndiyo adabu?" aliniuliza. Nikauma ulimi, na mimi kuuma ulimi si kazi ndogo.

Tulipokuwa tunakusanya vitu tuondoke, binti yangu akaja hadi pale alipokaa bibi yake. Akaweka kijiwe, bado kina mchanga, juu ya goti lake. Bibi akakitazama, kisha akanitazama mimi. Nilitaka kumweleza. Nilitaka hata kumgombeza, Mungu anisamehe! Mwalimu akanishika mkono.

Mtoto hakuondoka. Macho aliyaelekeza ziwani, akangoja kama anavyongoja kwenye jiwe bapa, maana kwake salamu isiyoitikiwa haijaisha.

Mama mkwe wangu akakifunika kile kijiwe kwa kiganja.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, wajina."