Ngome Nne na Neno la Maman

Ngome ya kwanza niliichukia kabla sijashuka garini. Ilikuwa juu ya kilima, mawe matupu, mnara mmoja mnene na bendera juu yake. Mdogo wangu alizima gari akasema, "Yaya, angalia. Miaka mia nane!" Alisema kama vile yeye ndiye aliyeijenga. Nikashuka, nikaangalia, nikamwambia ni nzuri. Uongo mtupu. Nilikuwa na hasira tumboni, na ilikuwa imepanda ndege pamoja nami tangu Kigali.

Mdogo wangu ni padri. Kwetu tumebaki wawili tu, mimi mkubwa, ndiyo maana ananiita yaya, yeye ananifuata. Alitumwa Italia kusoma, masomo yakaisha, askofu wa kule akamwomba abaki kidogo, na hicho kidogo kilikuwa kimefika mwaka wa kumi na moja. Anahudumia parokia tatu katika vilima vya Lunigiana, kaskazini mwa Toskana, ambako karibu kila kilima kina ngome, na karibu kila ngome ina kijiji kilichojibanza ndani ya kuta zake. Ili nipate viza aliniandikia barua ya mwaliko yenye programu: siku hii ngome hii, siku ile kijiji kile. Barua ilikuwa ya kuwaridhisha watu wa ubalozi. Yeye akaifuata kama anavyofuata misale altareni.

Mimi sikwenda kuona mawe. Nilikwenda kupeleka neno la maman, mama yetu.

Nyumba aliyotuachia papa, baba yetu, iko kwenye mteremko, kama nyumba nyingi za Bukavu, mji wetu wa Kongo. Nyuma ya jiko papa alijenga ukuta wa kuzuia udongo, jiwe juu ya jiwe, kwa mikono yake, kila Jumamosi baada ya kazi. Alipokufa, kutoka mlango wa jiko hadi ukingo wa korongo palikuwa na hatua kumi na mbili. Halafu watu wakajenga juu yetu, wakakata mikaratusi, na maji ya mabati yao yote yakachagua kupita kwetu. Ukuta wa papa ukatoboka, korongo likaanza kula lupango, kiwanja chetu. Mimi nafundisha jiografia. Kila mwaka nawaandikia wasichana ubaoni sababu za mmomonyoko wa udongo, wananakili kwa mwandiko mzuri, kisha natia kipande cha choki mfukoni na kwenda kwa maman kuweka alama pale ufa wa ukuta ulipofika. Mwezi niliosafiri zilibaki hatua nne.

Nilikuwa nimemwomba ahamie kwangu. Nilimwomba kwa upole, nikamwomba kwa kelele, nikamletea paroko, nikamletea shangazi. Jibu lake lilikuwa lile lile.

"Papa yenu njo aliniingiza mu hii nyumba, alinishika mukono. Akasema mutoto mwanaume njo atanitoa. Weye uko mwanamuke, mama. Utanitoa namna gani?"

"Lakini miye njo mukubwa, maman."

"Uko mukubwa. Lakini hauko yeye."

Basi nikatumwa. Na hapa lazima nieleze kitu ambacho mtu wa nje anaweza kukiona upuuzi, hata mimi siku nyingine nakiona upuuzi. Kwetu neno zito halisemwi kwa simu. Na aliyelibeba halitupi mlangoni kama gunia la makaa. Anapewa kiti, anapewa chakula, anaachwa amalize, ndipo mwenye nyumba anauliza: habari ya kule? Hapo ndipo unasema. Aliyeuliza amejifunga mwenyewe. Akishasikia, hawezi tena kujifanya hakusikia. Maman alinishika bega akaniambia: "Usiseme kama hajauliza. Kama haulizi, hata ukimuambia, atakuya na miguu tu, roho itabakia kule."

Nikadhani ni kazi ya siku moja. Nitafika, nitakula, ataniuliza, nitasema.

Nilifika, nikala. Akasimama kunionyesha picha za ngome ya kesho.

Ngome ya pili ilikuwa na daraja la kuinuliwa na tundu juu ya lango, na mwongozaji akatueleza kwa furaha jinsi walivyomwaga mawe na maji ya moto juu ya vichwa vya adui. Alieleza pia kwamba mabwana wa ngome walikaa juu ya barabara ili kila mpita njia, mwenye chumvi, mwenye nguo, mwenye punda, aache kitu. Watalii wakatikisa vichwa kwa kupendezwa. Mimi nilikuwa naona kamba iliyofungwa barabarani kwetu na vijana wenye bunduki wameketi kwenye kivuli. Hao nawajua, nimewaachia vitu vingi maishani mwangu. Ila wa kwetu hakuna anayewasifu. Hawa wa kule wamewekewa taa chini ya kuta ili wapendeze, na mlangoni wanauza vijisanamu vyao.

"Yaya, umechoka?" mdogo wangu akaniuliza.

"Hapana."

Aliuliza kuhusu miguu yangu, kuhusu baridi, kuhusu kahawa kama ni kali. Habari ya kule hakuuliza. Siku ya tatu, tukiwa mezani mchana, akaweka uma chini, akakohoa kidogo, akasema, "Yaya, kule…" Akanitazama, akatazama sahani. "Kule mvua inanyesha?" Na kabla sijafungua kinywa alikuwa ameshasimama kutafuta sukari ambayo ilikuwa mbele yake.

Hapo nikajua. Hakuwa amesahau desturi. Aliikumbuka vizuri kuliko mimi, na alikuwa anaikimbia kutoka ngome hadi ngome, akinibeba kwenye gari la parokia. Nilitaka kumpiga kofi, padri na kola yake. Nimembeba mgongoni mtoto huyu. Nimemfulia nguo za seminari.

Ngome ya tatu ndiyo iliyonimaliza. Niliuliza kwa nini vilima vidogo namna hii vina ngome nyingi, hii inaiangalia ile. Mwongozaji, msichana mwenye miwani, akafurahi kupata swali. Akasema kwamba kwa sheria ya mabwana wale, baba akifa urithi uligawanywa kwa watoto wa kiume wote, kila mmoja akapata kipande na ngome yake, vizazi kwa vizazi, mpaka vilima vikajaa. Mdogo wangu alitafsiri vizuri sana, kwa sauti ya mahubiri.

"Na mabinti?" nikauliza.

Msichana akacheka. Mabinti waliolewa.

Nikatoka nje. Nikakaa kwenye jiwe la miaka mia nane nikakasirika. Niliwakasirikia mabwana wale waliokufa, nikamkasirikia papa na ahadi yake, nikamkasirikia maman anayelala hatua nne kutoka korongoni akingoja mkono wa mtu mwingine wakati mkono wangu upo, una nguvu, umemwogesha, umempikia, umempeleka hospitali. Na nilikasirishwa na ukuta nilioukalia. Ulikuwa kwenye mteremko mkali kuliko wa kwetu, na haukuwa na ufa hata mmoja. Kumbe mteremko hauui mtu. Ukuta unataka mtu wa kurudi kuuangalia, basi.

Ya nne haikuwa ngome tena, ilikuwa kijiji kizima ndani ya boma, mojawapo ya parokia zake. Tulipita chini ya lango, tukapanda njia nyembamba ya mawe. Nyumba zilikuwa nzuri, zimefungwa. Milango ina kufuli, madirisha yana mbao. Watoto wa pale walihamia mijini, alinieleza, wanarudi siku chache wakati wa joto. Nyumba moja tu ilikuwa inatoa moshi.

Tukaingia hapo bila kubisha. Alikuwepo mama mzee mwenye aproni, mgongo umepinda, peke yake na jiko la kuni. Akamshika mdogo wangu mashavu. Na mdogo wangu, yaani padri wetu, akafungua kabati akachukua kikombe, akijua ni kipi chake. Akavuta droo ya vijiko bila kukosea. Akaangalia kuni kama zinatosha, akainama akabonyeza miguu ya yule mama kuona kama imevimba, akamuuliza kitu, akaniambia anamuuliza kama kijana wake wa Milano amepiga simu. Yeye mwenyewe huja hapa kila wiki, akasema, maana mama huyu hana mtu karibu.

Nilibana meno. Ningesema neno moja tu ningelipasua boma lile.

Yule mama akanivutia kiti. Akanikatia keki ya unga wa njugu za msituni, nzito, haina sukari nyingi. Akasimama akiniangalia mpaka nikamaliza. Halafu akafuta mikono kwenye aproni, akaketi mbele yangu, akauliza kitu.

Mdogo wangu akachukua kijiko akakoroga kahawa yake.

"Anasema nini?"

"Anauliza kama keki iko muzuri."

Mama akarudia, polepole, akinigusa mkono. Kiitaliano sikijui, lakini neno mama nalijua kwa lugha yoyote.

"Abe," nikasema, kama kwetu tunavyomwita padri, "amesema mama. Tafsiri."

Akameza mate. "Anauliza kwetu kuko aje. Anauliza mama yetu iko aje."

Basi. Nilikuwa nimepewa kiti, nimepewa chakula, nimeulizwa. Sikumtazama mdogo wangu. Nilimtazama yule mama machoni, nikasema kwa vipande vifupi, kama ninavyosomea wasichana imla, ili aliyekaa katikati apate nafasi ya kubeba kila kipande.

"Nyumba ya maman iko naanguka."

Akatafsiri.

"Ukuta ya papa iliisha kubomoka. Kunabakia hatua nne."

Akatafsiri, sauti imeshuka.

"Maman anakataa kutoka. Anangoja mutoto wake mwanaume akuye amushike mukono."

Akaanza, akafika katikati, akakwama. Yule mama hakuhitaji mwisho. Alimgeukia, akasema maneno machache.

"Anasema nini?"

Mdogo wangu aliangalia meza. "Anauliza ule mutoto mwanaume iko wapi."

"Mujibu. Haiko miye anauliza."

Alijibu kwa sauti ndogo, kama neno moja hivi, akijigusa kifua. Yule mama akanyanyuka, akachukua kikombe kilichokuwa mbele ya padri wake, kahawa ikiwa bado ndani, akaimwaga, akakiosha, akakirudisha kabatini.

Kwenye gari mdogo wangu akaniambia atakuja, lakini baada ya Pasaka, kwa sababu parokia ni tatu na hakuna wa kumshikia. Hapo nilipiga kelele kweli, mpaka akasimamisha gari pembeni ya njia. Nilimwambia mvua haina kalenda ya liturujia. Nilimwambia kwamba amekuwa mlinzi wa makaburi ya watu. Nilimwambia na mengine ambayo padri hapaswi kuambiwa, na sijayatubu mpaka leo. Alilia. Hayakunipunguzia kitu, machozi yake.

Nilivuka Ruzizi, mto wa mpaka wetu na Rwanda, nikaenda moja kwa moja kwa maman na mizigo yangu. Alikuwa mlangoni. Aliangalia nyuma yangu kuona nani anabeba sanduku. Hakuna. Akanipa maji, akanipa kiti, akanipa maharagwe, na hakuniuliza. Nilipita jikoni nikahesabu. Tatu.

Jiko lilikwenda korongoni Jumanne moja asubuhi, siku chache baada ya Pasaka, na sufuria zake zote ila moja. Maman alikuwa chumba cha mbele. Nilikimbia kutoka darasani na choki mkononi, nikamkuta ameketi kwenye kiti, kandambili miguuni, mbele ya mlango wa kuelekea mahali pasipokuwa tena na kitu. Nilimshika mkono. Akauondoa. Nilikaa naye siku tisa katika nusu ya nyumba, nikisikiliza kila tone la mvua kwenye bati, nikimlaani kimoyomoyo kila mwanaume aliyewahi kutoa ahadi.

Siku ya kumi akafika, kola nyeupe, viatu vimejaa matope. Alinyoosha mkono, na maman akainuka kama msichana, akatoka. Njia nzima ilikuwa imejaa watu. "Padri amemutoa mama yake!" Vigelegele mpaka barabara kubwa. Nyuma yao alikuwepo mwanamke aliyebeba godoro kichwani na sufuria moja iliyopona, na hakuna aliyempisha njia.

Mdogo wangu alikaa wiki moja, akarudi kwenye parokia zake.

Kesho yake nilitoka shuleni nikamkuta maman jikoni kwangu. Amepika bugali na sambaza, dagaa wa ziwa letu. Alinivutia kiti, akaniwekea sahani, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza na kunawa.

"Sasa weye, mama," akasema. "Habari ya kule?"

Miezi yote ile hakuna aliyekuwa ameniuliza.

"Nilikasirika, maman."

"Na sasa?"

"Hata sasa."

"Sema. Niko nasikia."

Nikaanzia ngome ya kwanza. Nikamweleza yote, mabinti waliolewa, kikombe kilichooshwa, mkono wangu alioukataa, na hakunikatiza hata mara moja. Nilipofika kwenye godoro nililolibeba kichwani, alinyoosha mkono akashika wangu. Sikuuondoa. Hasira nayo haikuondoka, ikabaki pale mezani pamoja nasi.