Korongo la Bibi Yake Dada

Mjukuu wangu alikwenda milima ya Uluguru na wenzake wa shule, na jana picha zimetoka. Akanimwagia mapajani kama mchele wa kuchagua. "Tazama bibi, hili korongo. Tumeshuka mpaka chini, tumeoga." Nikatazama yale magenge, ule ukungu, na watoto wa watu wamekaa juu ya mawe wanachezesha miguu majini. Nikasema pazuri, nikamrudishia picha zake, na roho ikaniuma siku nzima. Usinicheke, ndugu yangu. Mtu mzima na mvi zangu, nimeona gere.

Lile korongo nilianza kulionea wivu zamani, kabla sijalitia machoni.

Kariakoo ya utoto wangu, enzi za Mwingereza, ilikuwa mchanga mtupu. Paa la nyumba yetu lilikuwa la madebe yaliyokunjuliwa, na mvua ikinyesha hamkuweza kusikilizana. Chumba cha uani alikaa bibi. Nasema bibi, lakini hasa alikuwa bibi yake dada. Baba alioa kwanza mwanamke wa Kiluguru, akafariki dada akiwa bado ananyonya, na bibi akashuka mlimani kuja kumlea mjukuu wake. Kisha baba akamwoa mama yangu, Mzaramo, nikazaliwa mimi. Bibi akatulea wote. Alituogesha katika karai moja, akatusuka kwa kitana kimoja, akatukalisha pamoja sokoni nyuma ya mafungu yake ya maharage. Mteja akitaka kupunguziwa, bibi alipandisha bega moja akamjibu kwa sauti ya puani, "Haya yamelimwa mlimani, mwanangu, hayakuokotwa." Sikujua kama sisi ni wa mama mbalimbali. Nani angeniambia?

Korongo ndilo lililoniambia. Kila mwaka kabla ya mvua za kupanda bibi alikwenda kwao kutambika, na alimchukua dada peke yake. Dada akirudi, mtaa mzima ulikoma. Nami nimeshika kamba ya kuruka, wenzangu wananikimbia kwenda kumsikiliza habari za maji yanayoanguka kutoka mawinguni, na ukungu unaolowesha nguo. Alikuja na jiwe jeupe, hakuniruhusu hata kulipapasa. "La kwetu hili," alisema. Kwetu! Na sisi tunalala kitanda kimoja. Nikamwambia kwao ni nyikani, watu wanalala na nyani, lakini usiku nilijifunika kanga nikalia kimyakimya.

Mwaka mmoja niligoma kula. Siku ya pili baba akachoka, akamwambia bibi, "Mpeleke naye, tupumzike."

Tulipanda gari moshi, daraja la tatu, na dada akakaa dirishani kwa sababu safari ni yao. Kutoka Morogoro tulipanda kwa miguu. Mimi miguu yangu ilikuwa ya mchangani, kila jiwe lilinishtua. Tulipita migomba, tukapita vijito baridi mpaka meno yakagongana, tukaingia msituni ambako jua linapatikana kwa kubahatisha. Bibi, ambaye mjini alitembea kama mwenye kigugumizi cha miguu, huku alikwea na fimbo yake bila kuhema. Dada alitangulia akirukaruka juu ya mizizi, kisha anageuka kunitazama. Sikumwomba mkono hata mara moja, nikichubuka nilichubuka.

Halafu ardhi ikakatika. Korongo lilikuwa chini yetu, kuta za mwamba mweusi pande mbili, na maji yanapiga kelele huko ndani usiyaone. Tulishuka kinyumenyume tukishikilia mizizi, tumbo limegusa mwamba, mpaka kwenye ukingo mpana ambapo mjomba wake bibi, mzee mfupi mwenye kofia ya ukili, alikuwa anatungoja. Akamtazama dada, akaridhika. Akanitazama mimi.

"Huyu wa tumbo gani?"

Nilimtazama bibi. Nilingoja aseme wangu. Neno moja tu, wangu.

"Si wa tumbo letu," bibi akasema. "Huyu Mzaramo, mtani."

Basi nikaachwa pale na kikapu cha magimbi ya kuchoma. Dada akapewa kibuyu, wakashuka watatu mpaka kwenye maji. Nilisikia sauti yake ikijibu maneno ya kwao, na kuta za mwamba zikiyarudisha. Ndugu yangu, niliwahi kufiwa, niliwahi kuachwa na mume, lakini kijicho cha siku ile sijakionja tena. Walipopanda, dada alikuwa na unga mweupe kwenye paji la uso na miguu imelowa. Nikanuna.

Yule mzee akaninyang'anya gimbi mkononi, akaling'ata, akakaa ananisubiri. Sijui nilipatwa na nini, nikamvua kofia nikaivaa mimi. Akacheka mpaka akashika mwamba. Bibi naye akacheka, akaniambia, "Umeona? Utani hauna kununa. Dada yako kazi yake ni hii ya leo. Yako iko siku nitakapokufa." Niliona ni maneno ya kunifariji tu, sikuyataka.

Bibi alifia Kariakoo, katika chumba kile cha uani, sisi tumeshakuwa wanawake wenye watoto. Dada alikaa kwenye mkeka amejifunika, mfiwa, haruhusiwi hata kutabasamu. Mimi nikajifunga kanga ya marehemu, nikashika fimbo yake, nikaingia katikati ya wanawake kwa mwendo wake wa kusitasita. Nikapandisha bega. "Haya yamelimwa mlimani, mwanangu, hayakuokotwa." Vilio vikageuka vicheko, vicheko vikageuka vilio. Nikalala mlangoni, jeneza halipiti mpaka mtani apewe haki yake. Na dada ananitazama kutoka mkekani kwa macho ninayoyajua, maana niliyavaa mimi kule juu ya mwamba.

Baada ya arobaini aliniambia, "Mimi nilipata maji tu. Bibi ulimchukua wewe." Akaniomba ile fimbo. Nikamnyima.

Sasa mjukuu wangu anashuka korongoni na wenzake wa kutoka kila kona ya nchi, na hakuna aliyesimama ukingoni kuwauliza ni wa tumbo gani. Wameoga, wamepiga picha, wamerudi. Mwaka jana dada alipofariki niliichukua ile fimbo, nikajifunga kanga yake, nikasimama nimwigize dada yangu mwendo wake wa kurukaruka. Sikufika hatua ya tatu. Vijana wakanishika mikono, pole bibi, kaa bibi, wakanipa maji ya kunywa. Walidhani msiba umenipanda kichwani. Dada akapita mlangoni kimya, hajachekewa.

Fimbo nimeiegemeza nyuma ya mlango. Mjukuu ameiona, ameniuliza kama ni ya kukwelea milima. Nimemwambia ndiyo. Na bibi yangu, aliyenikana mbele ya mjomba wake, ndiye ninayemwonea wivu siku hizi. Yeye alikuwa na mtani.