Tulifuata Taa Hadi Uani

Juzi usiku, tukitoka Simbo kwenda Kigoma, taa ya mbele ya bajaji yetu ilizimika. Shangazi alikuwa amekumbatia chupa ya uji wa binti yake aliyejifungua hospitalini. Bodaboda ikatupita, na dereva wetu akaifuata taa yake nyekundu kona kwa kona, mpaka ikaingia uani na kusimama.

"Mnanifuatia nini?" aliuliza mwenye bodaboda, sauti ikimtetemeka.

"Tunapeleka uji hospitali, baba, na taa yetu imezimika," shangazi akajibu.

"Hapa ni kwangu!"

Mkewe akatoka, akacheka hadi akashika kiuno. "Umekimbia chupa ya uji? Hebu washa pikipiki, uwatangulie!"

Uji ulifika ungali wa moto. Madereva, tengenezeni taa. Zikizimika, ombeni aliye mbele yenu awe mume wa mwanamke kama yule.